Mfarishi Uliokuchosha Moyo: Uumalize, Uufumue au Uutoe?



Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa barazani hapa Majengo, Pumwani, alipokuja mama mmoja wa makamo akiwa amekumbatia mfuko mkubwa. Nilidhani analeta nguo za sadaka, kama wafanyavyo kina mama wengi Ijumaa inapokaribia. Alipoufungua nikaona ni mfarishi wa viraka. Nusu yake ulikuwa umekwisha kushonwa na kutiwa bitana; nusu ya pili ilikuwa vipande vilivyopigwa bandi tu. Sindano ilikuwa bado imechomekwa penye pindo, nayo imeshika kutu.

"Sheikh," akasema, "kitu hiki nimekichukia. Nikikiona, moyo wangu hujikunja. Nataka kukifumua chote, lakini wenzangu wa darsa wameniambia kwamba nikifanya hivyo nitakuwa kama yule mwanamke aliyetajwa katika Qur'ani, aliyeufumua uzi wake. Je, nina dhambi?"

Nilimwuliza habari ya mfarishi wenyewe, naye akanieleza. Mama yake mzazi alifariki miaka mitatu iliyopita, akaacha jozi 7 za leso zilizofuliwa na kukunjwa vizuri sandukuni. Wakati huo binti wa mama huyu alikuwa ameposwa. Basi akaazimu kuzikata zile leso, azichanganye na mabaki ya vitambaa aliyopewa na fundi wa Gikomba, ashone mfarishi wa kumpa mwanawe siku ya harusi, ili bibi arusi ajifunike nguo za nyanya yake. Nia ilikuwa njema mno. Lakini kazi ikawa ndefu. Rangi za leso na rangi za vitambaa vya Gikomba zikagombana. Vipande vilivyokatwa usiku, baada ya watoto kulala, vikawa havilingani. Harusi ikafika, ikapita, na mfarishi haujakamilika. Binti akahamia Kayole kwa mumewe, akanunua blanketi la dukani, na siku moja akamwambia mamake kwa upole asijitaabishe tena. Tangu siku hiyo mfuko umekaa juu ya kabati, na kila mama huyu akiutazama hujiona ameshindwa mara mbili: kwa mzazi wake na kwa mwanawe.

Nikatambua kwamba swali hili si lake peke yake. Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo hadi Kaloleni, Buruburu, Umoja na Kayole, ni nyumba chache zisizokuwa na kazi ya mkono iliyoachwa njiani: kitambaa cha kochi kilichofumwa nusu, foronya iliyodariziwa ua moja, kofia iliyosimama upande mmoja, sweta ya mtoto mchanga ambaye sasa yuko shule ya upili. Kwa hiyo nimeona niandike jibu langu hapa, ili wanufaike nalo wengine.

AYA ILE YASEMA NINI?

Tuanze na lile lililomtia mama huyu hofu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anawaonya waja Wake wasiwe mfano wa mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua ukarudi nyuzinyuzi. Baadhi ya wafasiri wametaja kwamba palikuwa na mwanamke Makka aliyejulikana kwa tendo hilo, naye akawa mfano kwa watu.

Lakini aya hii imekuja mara tu baada ya amri ya kutimiza ahadi ya Mwenyezi Mungu na kutovunja viapo baada ya kuvithibitisha. Uzi ni mfano. Kinachokatazwa ni kuvunja ahadi na kufanya viapo kuwa njia ya kudanganyana. Aya haikushuka kumzuia mshonaji asifumue mshono uliopotoka. Kama kufumua kungekuwa dhambi, hakuna fundi wa cherehani hapa Gikomba ambaye angelala bila kutubu, kwani kila siku hufumua mikono ya kanzu na viuno vya suruali ili azitengeneze upya.

Basi wale wenzake wa darsa walikuwa na nia nzuri, ila waliuchukua mfano wakauacha uliofananishwa. Hata hivyo, tusiiache aya kabla ya kuchukua funzo lake. Ikiwa jambo kubwa ni ahadi, basi yatupasa tujiulize kwanza: ndani ya kitambaa hiki mna ahadi ya mtu yeyote? Swali hilo hutangulia swali la kupenda na kuchukia.

KWANZA TAZAMA HAKI ZILIZOMO

Nimeona haki nne ambazo huweza kujificha ndani ya kazi ya sindano.

Ya kwanza ni haki ya Mwenyezi Mungu, nayo ni nadhiri au kiapo. Mwanamke akiweka nadhiri kwamba atashona mashuka 5 awape mayatima, hiyo ni nadhiri ya jambo la twaa na yampasa aitimize, apende kazi asipende. Ikiwa alisema tu, "Wallahi nitaumaliza mfarishi huu kabla ya Ramadhani," hicho ni kiapo. Akiona kwamba heri iko katika kuuacha, aufanye ulio bora na atoe kafara ya kiapo chake kama ilivyobainishwa katika Surat Al-Maida, aya ya 89: kulisha masikini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku 3. Ama azimio la moyoni lisilotamkwa kuwa nadhiri wala kiapo, kama la mama wetu huyu, halimfungi. Nia yake njema ina malipo kwa Mola wake, naye yuko huru kubadili kazi.

Ya pili ni haki ya mnunuzi. Siku hizi kina mama wengi hushona kwa kuagizwa. Mteja hutuma malipo ya awali kwa simu, na mshonaji huanza. Katikati ya kazi rangi alizochagua mteja zikamchukiza mshonaji. Hapa chuki haina nafasi. Umekubali masharti, umepokea mali; maliza kama mlivyoagana, au mwendee mwenye kazi umweleze, akubali kuvunja mapatano kwa ridhaa yake, nawe umrudishie fedha zake zote na kitambaa chake. Kuizungusha kazi miezi 6 kwa nyudhuru ndiko kunakofanana na ule uzi uliofumuliwa.

Ya tatu ni haki ya wenzako. Vyama vya kina mama hununua pamba, uzi na jora la bitana kwa fedha za pamoja. Ukichukua sehemu yako ya kazi kisha ukaichoka, kitambaa hicho ni amana mikononi mwako. Kirudishe mapema ili mwingine akiendeleze. Kukificha kwa haya ni kuila amana polepole.

Ya nne, nayo ndiyo iliyomgusa mama wetu, ni haki ya warithi. Nilimwuliza, "Zile leso za marehemu, ulizikata kwa idhini ya nani?" Akanyamaza. Ana kaka mmoja Mombasa na dada mdogo Kaloleni, wala hakuwauliza. Hakuona kwamba leso kuukuu ni jambo la kuulizia.

Ndugu zangu, hili tunalikosea sana. Mtu akifa, kila alichokimiliki huingia katika mirathi: nyumba, mbuzi, sufuria, na leso iliyopauka pia. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, kilichobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yao. Desturi yetu ya kugawa nguo za marehemu siku ya tatu au ya arobaini, kila jirani akiondoka na kipande, ni nzuri ikiwa warithi wote ni watu wazima na wameridhia. Yakiwamo mayatima ambao hawajabaleghe, sehemu yao haitolewi sadaka wala haikatwi viraka, kwa sababu idhini ya mtoto haihesabiwi. Leso inaweza kuwa na thamani ndogo sokoni, na bado ikawa ndiyo kumbukumbu pekee ambayo ndugu yako anaitafuta.

Nilimwambia mama, "Usishike mkasi wala sindano mpaka uzungumze na ndugu zako." Tutarudi kwake baadaye.

UMECHUKIA NINI HASA?

Ukishajua kwamba hakuna haki ya mtu ndani ya kazi yako, au umekwisha kuitimiza, sasa waweza kuutazama moyo wako. Chuki ya kazi ina sababu nyingi, na kila sababu ina dawa yake.

Nilipokuwa kijana wa madrasa kule Lamu, nilianza kushona kofia. Wanaojua kazi hiyo wanafahamu kwamba kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Nilifika nusu nikaichukia kabisa. Nikaitupa chini ya kitanda. Nyanya yangu aliiona alipokuwa akifagia. Hakunigombeza. Aliigeuza mkononi, akaitazama ua kwa ua, kisha akasema, "Ua hili la tatu ndilo lililopotoka. Mengine yote yamelifuata. Fumua mpaka hapa tu." Nilifumua maua manne. Kofia niliimaliza mwezi uliofuata, nami nikaivaa sikukuu ya Idi. Haikuwa kofia ya kusifiwa, lakini ilinifunza kwamba mtu aweza kuichukia kazi nzima kwa ajili ya kosa moja alilolipita bila kulirekebisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo usihukumu kazi ikiwa imekunjwa mapajani. Uanike mfarishi wako kwenye kamba ya nguo wakati wa mchana, urudi nyuma hatua kumi, uutazame. Rangi zinazogombana ukiwa karibu huenda zikapatana ukiwa mbali. Na zile zinazoendelea kugombana utaziona wazi: mara nyingi ni vipande vitatu au vinne tu, vilivyo vyekundu mno au vyenye maua makubwa kupita kiasi. Hivyo hutolewa, au hufunikwa kwa kiraka kingine juu yake, na kazi ikapumua.

Wakati mwingine kinachochukiwa ni uchovu tu. Mama anayeamka alfajiri, akaandaa watoto wa shule, akauza maandazi, akapika, kisha akakaa kushona saa nne za usiku, ataichukia hata hariri. Huyu aiweke kazi kando kwa muda anaoujua, mathalani mpaka shule zifunge, kisha aitazame upya. Aandike tarehe kwenye karatasi na kuibana na pini juu ya kitambaa. Kuweka kando bila tarehe ndiko kunakozaa mifuko juu ya makabati.

Na wakati mwingine kinachoumiza ni huzuni. Mama wetu alipokuwa akishona, kila kipande kilimkumbusha mtu: hii mamake aliivaa siku ya Maulidi, hii alijifunga alipokuwa akikuna nazi, hii ndiyo aliyojitanda hospitalini. Alidhani anashona, kumbe kila usiku alikuwa akirudi matangani. Mwenye hali kama hii asilazimishwe kumaliza haraka. Amwombee marehemu wake, amtolee sadaka, na akubali kwamba mfarishi haukuwa wajibu wa mtoto kwa mzazi. Dua ndiyo inayomfikia marehemu.

VIRAKA HAVINA AIBU

Iko sababu nyingine iliyoanza kuenea: kujilinganisha. Mama alinionyesha kwenye simu picha za mifarishi ya ng'ambo, yenye vipande vilivyokatwa kwa vifaa maalumu na pembe zilizonyooka kama vigae vya sakafu. Wake ulikuwa na mistari inayopanda na kushuka. "Tazama changu kilivyo," akasema.

Nikamwambia kwamba sanaa ya viraka ni yetu tangu kale, nayo haikuanza kwa kunyooka. Hata leso yenyewe ina asili ya kuungwaungwa. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 kina mama wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono vilivyoletwa na wafanyabiashara, vikiwa bado havijakatwa kutoka jora lake. Walikata vipande sita kwa pamoja, wakavigawa mafungu mawili ya vitatu vitatu, wakayashona yakawa nguo moja pana ya kujifunga. Baadaye viwanda viliiga kazi ya sindano zao na kuchapa nguo nzima. Jina lenyewe la leso limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono.

Tena ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, na baadhi yao ni Waislamu. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka waiitayo kawandi kutokana na nguo kuukuu za familia. Huanza pembeni, wakazunguka ukingo kwa ukingo kuelekea katikati, kwa mshono wa kawaida wa mkono. Hakuna kipande kinacholazimika kulingana na mwenzake. Viraka vidogo vya rangi kali huwekwa juu ya vikubwa, na katika pembe nne hushonewa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua; bila hivyo kazi haihesabiwi kuwa imekamilika. Mifarishi hiyo isiyolingana leo huoneshwa katika majumba ya sanaa ya nchi za mbali. Wanawake hao walishona ili watoto wao wasipate baridi.

Na sisi watu wa Eastlands ndio hasa tusiopaswa kuona haya kwa viraka. Pumwani ilijengwa katika miaka ya 1920, na wakati kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Walikutana hapa watu wa pwani, Wakikuyu, Wakamba, Wanubi, Wasomali na wengineo, na miongoni mwa wenye nyumba wa mwanzo walikuwamo wanawake wengi wa Kiislamu waliojenga kwa jasho lao. Hakuna kipande kilichofanana na jirani yake, na msikiti ukajaa.

Tukumbuke pia kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.). Na Anas (r.a.) alimwona Sayyidna Umar (r.a.), naye ni amiri wa Waumini, amevaa nguo iliyotiwa viraka baina ya mabega yake.

MIFANO MIWILI KUTOKA NYUMBA YA MTUME

Ikiwa baada ya kutafakari yote haya bado huupendi mfarishi wako, usijilaumu. Katika nyumba iliyo bora kuliko nyumba zote, kilipatikana kitambaa kisichopendeza, tena zaidi ya mara moja.

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (r.a.) alitundika pazia lenye picha. Mtume (s.a.w.) aliporudi safarini akaliona, uso wake ukabadilika, akaliondoa kwa sababu ya zile picha. Bibi Aisha anasimulia kwamba walilikata wakafanya mto mmoja au miwili. Hukumu ya picha wanazuoni wameieleza mahali pake. Mimi leo naonyesha jambo jingine: kile kitambaa hakikutupwa, wala hakikuwekwa sandukuni kuwa sababu ya lawama kila kinapoonekana. Kilipata kazi nyingine.

Mfano wa pili nao umo katika vitabu hivyo hivyo. Mtume (s.a.w.) alisali na nguo yenye mapambo, macho yake yakaiangalia mara moja. Alipomaliza aliagiza ipelekwe kwa Abu Jahm (r.a.), naye aletewe nguo nzito isiyo na mapambo ya huyo huyo Abu Jahm. Wanazuoni wamesema kwamba Abu Jahm ndiye aliyekuwa ameitoa zawadi, na Mtume akaomba nyingine kutoka kwake ili asije akahisi kwamba zawadi yake imekataliwa. Hapa mna adabu kwa pande mbili. Binti anayepewa kazi ya mkono asiyoipenda, aikatae kwa namna itakayouacha moyo wa mamake salama: "Mama, huu mkubwa ni mzito kwangu, lakini ningependa mto mmoja kutoka mikononi mwako." Naye mama ajue kwamba kitu kukataliwa si yeye kukataliwa.

NJIA ZILIZO MBELE YAKO

Sasa nikujibu kwa mkato, wewe uliye na mfuko juu ya kabati.

Ukiwa umebakiza kidogo, maliza. Kata upande uliosalia, punguza ukubwa, piga pindo. Mfarishi uliokusudiwa kitanda kikubwa waweza kuwa wa kitanda cha mtoto, na hakuna atakayejua kwamba ulikusudiwa kuwa mkubwa zaidi. Baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti haiulizi rangi.

Ukiwa kosa liko mahali pamoja, fumua mpaka hapo tu, kama alivyonifunza nyanya yangu.

Ukiwa umbo lote limekushinda, geuza matumizi. Sehemu nzuri zikate ziwe mito ya kukalia, zijaze sufi au mabaki laini. Vipande vidogo viwe vishikio vya sufuria. Kipande kilicho safi na imara kitakuwa mfuko mzuri wa juzuu kwa mtoto wa madrasa. Ukitaka kutengeneza msala, chagua upande uliotulia usio na maua mengi, tukikumbuka ile nguo ya Abu Jahm.

Ukiwa kazi ni njema ila wewe ndiye uliyeichoka, mkabidhi mwingine. Katika kila mtaa yuko msichana anayetaka kujifunza na hana kitambaa. Mpe na uzi wake, na kastabini, na umweleze ulipofika. Usimpe kwa sharti kwamba atashona kama ulivyotaka wewe.

Na ukitaka kutoa sadaka, simama kidogo. Surat Al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia vibaya tukavitoa, vile ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Imepokewa kwamba palikuwa na watu waliokuwa wakitundika msikitini makole ya tende mbovu kwa ajili ya masikini, ndipo aya ikashuka. Basi kipimo ni hiki: ikiwa umechukia rangi tu, na kushonwa kumeshonwa vyema, kukafuliwa kukanyooshwa, basi toa, kisichokupendeza wewe kitampendeza mwenzako. Lakini ikiwa mshono unaachia na pamba inatoka, nawe watafuta tu mahali pa kuutupa mzigo wako, usiuite sadaka. Urekebishe kwanza, au uutumie kupangusia sakafu yako mwenyewe.

Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kwa kipato chake. Alipotangulia kufariki mbele ya wenziwe, walifahamu kwamba ndiye aliyekusudiwa na Mtume (s.a.w.) aliposema habari ya mwenye mkono mrefu. Mkono unaoshona waweza kuwa mrefu namna hiyo, ukitoa kilicho kizuri.

MFARISHI ULE ULIISHIAJE?

Wiki tatu baadaye mama alirudi. Alikuwa amempigia simu kaka yake wa Mombasa, akamwomba radhi, naye akasamehe hapo hapo huku akishangaa kwamba ameulizwa. Kisha akaenda Kaloleni kwa dada yake mdogo na mfuko wake. Dada alipoufungua, aliingiza mkono moja kwa moja kwenye kipande kimoja cha leso nyeusi na nyekundu, akalia. Ndiyo leso aliyokuwa akibebewa mgongoni utotoni. Tangu siku ya maziko alikuwa akiitafuta, akidhani jirani amechukuliwa nayo, na kwa miaka mitatu alikuwa na kinyongo na jirani huyo bila kusema. Basi akaomba msamaha wake naye.

Wale ndugu wawili walikaa siku nzima wakifumua pamoja. Mama aliniambia kwamba hakuwahi kucheka na dada yake kiasi kile tangu msiba. Vipande vya leso walivitenga na vile vya Gikomba, na vita vya rangi vikaisha. Kutokana na leso walishona mito mitatu: mmoja wa kaka, mmoja wa dada, mmoja wa mama mwenyewe. Vitambaa vya Gikomba vikawa mfarishi mdogo, wenye pindo la leso lililosalia. Binti wa Kayole, aliyesema hataki, ndiye aliyeuchukua. Ni mjamzito, na mwezi wa saba utamkuta na mtoto.

"Sasa unaupenda?" nilimwuliza.

Akafikiri kidogo, akasema, "Rangi zake bado sizipendi sana, Sheikh. Lakini kabati langu limekuwa jepesi."

Ndugu msomaji, panda kwenye kiti leo, teremsha ule mfuko. Tazama haki za watu zilizomo uzitimize, kisha amua kwa moyo mtulivu: umalize, ufumue, uukate au uutoe. Katika hayo hakuna dhambi maadamu hukumdhulumu mtu wala hukufuja mali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka kazi za mikono yetu, awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na aunganishe nyoyo za ndugu waliotengana. Amin.

Wabillahi tawfiq.